Dawa Haikorogwi

Latifa hakutaka kusikia neno mkorogo likitajwa nyumbani kwake. Si kwa utani, si kwa umbea. Mteja akija kupima gauni, akaanza kusimulia kwamba fulani siku hizi kang'aa, sijui katumia nini, Latifa alikuwa anafunika cherehani palepale na kumwambia nguo itakuwa tayari wiki ijayo, karibu tena. Watu wa Mikindani walishamzoea. Wasiojua walisema fundi ana vijimambo. Waliojua walinyamaza, maana sababu yenyewe ilikuwa imelala makaburini, na jina lake Sabra.

Sabra alikuwa dada yake, toka nitoke, amemtangulia miaka miwili tu. Msichana mweusi, mzuri, mcheshi, akiingia mahali hata waliokasirika wanasahau walichokasirikia. Akaolewa na Nassoro, mlinzi wa kule kwenye mitambo ya gesi Madimba. Haukupita mwaka akaanza kung'aa. Kopo lenyewe la mkorogo lilikuwa dogo, halina jina, limechanganywa nyuma ya duka la vipodozi mjini Chikongola. Uso ukawa mweupe, shingo ikawa nyeupe, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi vilevile. Na watu wakamsifu! Jamani, watu! Haohao waliokuja baadaye kukaa msibani na kutikisa vichwa ndio waliomwambia mwenzao kapendeza, mwenzao sasa kawa mke wa mtu.

Ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa ikaonekana. Akijigonga kidogo tu panavilia damu. Siku ya kujifungua ikabidi apasuliwe. Mtoto akatoka salama, lakini kidonda cha mama kikakataa kufunga. Wakishona hapa, ngozi inaachia pale. Usaha ukaingia, homa ikapanda, na Sabra akaenda zake bila hata kumzoea mwanawe. Kwenye ukumbi wa wodi Latifa alimsikia daktari mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti ya chini, "Ni steroidi hizo. Miaka ya kujipaka steroidi mwili mzima." Neno hilo hakuwahi kulisikia maishani. Tangu siku ile hakulisahau.

Kichanga kikabaki mikononi mwake. Kikaitwa Mwanaamina. Latifa alikuwa hajaolewa wala hajazaa, akajifunza ulezi hivyohivyo, kwa kukosea na kuuliza. Mtoto akakua, akaanza kutembea, akaanza maneno. Alimwita Latifa mama mdogo, na kwa Latifa hapakuwa na cheo kikubwa kuliko hicho duniani. Mtoto alikuwa ameubeba mdomo wa Sabra, na kicheko cha Sabra, mpaka wakati mwingine Latifa alilazimika kutoka nje akajifanye anaanua nguo.

Sasa mtoto yuleyule ngozi ikaanza kumsumbua. Viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti, kwenye vifundo vya mikono, wekundu na ukavu na muwasho usiokubali kubembelezwa. Mikindani joto lake mnalijua. Jasho likiingia kwenye yale makunjo, Mwanaamina alijikuna mpaka shuka likawa na damu. Majirani wakasema mengi. Mmoja akasema ni chakula, mwingine akasema ni jicho la watu, wa tatu akaleta majani ya kuogea yaliyomfanya mtoto apige kelele mtaa mzima ukasikia.

Nassoro alikuwa anakuja kumwona mwanawe kila akipata mapumziko. Mtu mkimya, hakuwa na ugomvi na mtu. Lakini safari ile alimshika mtoto mkono, akaugeuza, akautazama kwa muda mrefu, akasema, "Shemeji, mtoto anaoza."

"Haozi. Ana muwasho."

"Anaoza, na wewe upo. Mama yangu kule Msimbati amesema nimpeleke. Nikija mara nyingine nikamkuta hivi, nitamchukua. Usije ukasema sikukwambia."

Akaaga, akaondoka. Latifa akabaki amesimama mlangoni. Nassoro ni baba, na baba akija kuchukua mtoto wake, mama mdogo atasimama mbele ya nani aseme hapana? Akimpoteza Mwanaamina, kwa Sabra hatakuwa amebakiwa na kitu. Kesho yake alfajiri akamfunga mtoto kanga, akaenda naye mjini kwenye kliniki ya ngozi.

Daktari aliyemwona aliitwa Yustina, mama wa makamo, mtu wa Songea, aliyezungumza haraka kwa sababu foleni ilikuwa imefika getini. Akasema hii ni pumu ya ngozi, si uchafu, si uchawi, haiambukizi. Akaandika mafuta ya kulainisha ngozi, apakwe mwili mzima kila siku, tena kwa wingi. Halafu akatoa tyubu ndogo. "Hii ni ya pale penye wekundu tu. Kidogo, asubuhi na jioni, mpaka patulie. Kisha unaacha."

"Daktari, hii ni dawa gani?"

"Ni krimu ya steroidi. Usiogope, ni ya nguvu ndogo." Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mambo yakaharibikia hapo. Latifa alitoka kliniki ameikamata ile tyubu kwa ncha za vidole, utadhani ameokota nge. Usiogope! Ni rahisi kumwambia mtu asiogope wakati hujui kaogopa nini. Alitaka kuitupa kwenye pipa la taka pale getini. Mkono ulishanyanyuka. Kisha akamtazama Mwanaamina, anajisugua goti kwenye mguu wake huku analia kimyakimya, akaikumbuka na sauti ya Nassoro. Akaitia mkobani.

Nyumbani akaiweka juu ya kabati, akawa anaizunguka. Akiitumia, anampaka mtoto kile kilichomuua mama yake. Asipoitumia, mtoto anachukuliwa. Alizunguka na hilo siku hiyo na siku iliyofuata, mpaka alipokuwa jikoni anapika mchuzi, pilipili ikamzidi mkono, akaongeza tui. Hapo wazo likamjia. Mchuzi ukizidi ukali unaongezwa tui, unatulia. Basi na dawa ikizidi ukali si itiwe mafuta?

Hebu msimcheke. Mtu mwenye hofu akipata njia huwa haulizi inakwenda wapi. Latifa alichukua mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe, safi, akayamimina kwenye bakuli. Akaikamua ile tyubu yote, mpaka ikakunjika. Akashika mwiko mdogo, akakoroga na kukoroga mpaka ule weupe ukapotea kabisa, akamimina kwenye kopo lenye mfuniko. Akavuta pumzi. Aliamini ameivunja makali. Na kwa kuwa sasa ni mafuta tu yenye dawa kidogo, akampaka mtoto mwili mzima, uso, shingo, tumbo, mapaja, asubuhi akitoka kuoga na jioni akitoka kuoga.

Mwanzoni mtoto alitulia kidogo, Latifa akamshukuru Mungu na kujipongeza kwa akili yake. Akaendelea. Wiki zikapita, akaendelea, maana hakuona sababu ya kuacha mafuta. Lakini kwenye viwiko na nyuma ya magoti, pale penyewe penye ugonjwa, ile dawa iliyosambazwa mwili mzima haikutosha kitu. Wekundu ukarudi. Na lile kopo lilikuwa linachovywa vidole kila siku, mara vya Latifa, mara vya mtoto mwenyewe, vimetoka kukuna vidonda vinarudi humohumo. Asubuhi moja Mwanaamina akaamka ana joto. Kwenye kiwiko pametoka maji ya manjano yaliyoganda, goti haliwezi kukunjuka. Mashavu yamekuwa mekundu, na ngozi yake imekuwa na mng'ao ambao Latifa alikuwa anaujua. Alishauona. Aliuona usoni kwa dada yake.

Sijui alifikaje kliniki. Hata yeye hajui. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na kopo mkononi, na alipoambiwa akae kwenye foleni alisema, "Sikai," na hakuna aliyembishia.

Daktari Yustina alimlaza mtoto kitandani, akamkagua taratibu, makunjo yote, uso, mgongo. Akauliza, "Ile krimu niliyokupa umeitumiaje?"

Latifa akatoa kopo, akaliweka mezani.

Daktari akalifungua, akanusa, akachovya kijiti, akatazama. "Hii ni nini?"

"Ni ile dawa. Nimeitia mafuta ya nazi. Nimeipunguza ukali."

"Umeikoroga."

"Ndiyo, nime..." Neno lilikuwa limemfika.

"Dada yangu," daktari akasema, na hakusema kwa ukali, "steroidi iliyokorogwa kwenye kopo, ikapakwa mwili mzima, kila siku, bila kujua kipimo wala mwisho. Huo ndio mkorogo. Umetengeneza mkorogo."

Latifa alilia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. Alikaa chini, sakafuni, kwenye kile chumba chenye harufu ya spiriti, akamwambia daktari habari za Sabra tangu mwanzo, kopo lisilo na jina, vifundo vyeusi, nyuzi zilizokataa kushika, maneno ya ukumbini. Alisema, "Nimemchukia dada yangu kwa kujipaka kitu kile. Nimemchukia mpaka leo. Na mimi nimekwenda kumpaka mwanawe."

Daktari Yustina alitoka, akawaambia waliokuwa nje wasubiri, akarudi, akafunga mlango. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Siku ile ilifaa nikuulize unaogopa nini," akasema. "Sikukuuliza. Kosa hilo ni langu, sitakubebesha wewe. Sasa nisikilize vizuri. Aliyokuwa anapaka dada yako na hii niliyokupa ni ukoo mmoja, sikufichi. Lakini ya kwake ilikuwa kali mno, tena mwili mzima, tena miaka, tena hakuna anayemwangalia. Ngozi ikilishwa hivyo inakonda. Hii ya mtoto ni ya nguvu ndogo, inazima moto pale unapowaka, halafu inaondoka. Moto ukiwaka jikoni unamwagia maji jikoni, humwagi nyumba nzima."

"Na nikiitia mafuta haipungui?"

"Huwezi kujua imepungua kiasi gani. Unachokijua ni kwamba umeieneza hata pasipougua, na penye ugonjwa imefika kidogo. Na vidole vimeingiza vijidudu kopo zima. Hilo ndilo lililomletea usaha."

Akaandika dawa ya vijidudu, akasema hiyo ianze kwanza, mtoto arudi aonwe kabla ya kugusa krimu. Kopo akalitupa. Ngozi ya mashavu akasema itatulia yenyewe, haijafika mbali. Latifa alimuuliza mara tatu kama kweli haijafika mbali.

Waliporudi kliniki, vidonda vimekauka, daktari akachukua tyubu mpya, akakishika kidole cha shahada cha Latifa. Akakamua mstari mmoja kutoka kwenye kunjo la kwanza mpaka ncha. "Umeona? Kiasi hiki kinatosha eneo la viganja vyako viwili. Kiwiko cha mtoto hakifiki hapo, kwa hiyo ni pungufu ya hiki. Unatandaza nyembamba, penye wekundu tu. Usoni usiguse mpaka mimi niseme. Mafuta ya kulainisha ndiyo ya mwili mzima, lakini yaache yanywewe kwanza, usiyapake pamoja na krimu. Pakishakuwa laini, acha krimu, mafuta usiache. Pakianza tena, njoo au anza mapema, usingoje mpaka atoke damu. Na hii ni ya Mwanaamina peke yake. Asije jirani akakuomba."

Latifa alirudia maneno hayo yote njiani, mdomo unacheza, watu wanamtazama. Nyumbani alinawa mikono, akakamua kile kiasi kidogo kwenye kidole, kisha kidole kikagoma. Mkono wa mtoto umenyooshwa, unangoja. Mwanaamina akamwangalia, akauliza, "Mama mdogo, unaogopa?" Akasema, "Ndiyo, naogopa." Akapaka. Alipomaliza pande zote akaifunga tyubu, akanawa tena mikono.

Lakini kutulia, palitulia. Wekundu ukafifia, ngozi ikalainika, mtoto akalala bila kujikuna, akaamka anadai uji. Latifa akaanza kushona tena huku anaimba kidogo.

Ijumaa moja baada ya swala Nassoro akafika. Mwanaamina alikuwa na pande mbili nyuma ya magoti zilizokuwa bado hazijatulia sawasawa. Nassoro alikuja na mkoba mtupu begani, na Latifa alipouona ule mkoba alijua umeletwa kubebea nguo za nani.

"Shemeji, karibu."

"Nimeshakaribia. Mama anamngojea. Gari litanipitia baada ya muda si mrefu."

"Mtazame kwanza."

Nassoro akamtazama mwanawe, akaona viwiko, akashangaa, akataka kufurahi. Kisha akaiona tyubu juu ya meza. Uso wake ukabadilika kabisa. "Nini hiyo? Krimu? Unampaka krimu mwanangu?"

Latifa angeweza kudanganya. Kusema ni mafuta tu ya mtoto kungetosha, siku ipite, mkoba uondoke mtupu. Akapiga moyo konde, akamweleza yote, steroidi, bakuli, mwiko, kopo, usaha, kilio. Hakujipunguzia. Alisema, "Ukitaka kumchukua kwa sababu hiyo, mchukue, una haki. Lakini chukua na hii dawa, na nikufundishe."

Nassoro alikuwa anaitazama ile tyubu tu. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, mzito, mkoba mapajani.

"Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia," akasema.

"Unamnunulia nani? Nini?"

"Sabra. Lile kopo. La kwanza nilileta mimi. Vijana wa kazini walinisifia mke wa mwenzetu mmoja, nikaona na mimi... Yeye alikataa. Alicheka, akasema huu weusi ni wa bibi yake, atamrudishia vipi. Nikaliacha mezani. Nikamwambia ajaribu tu. Kila nikipokea mshahara nilipita Chikongola. Alipotaka kuacha ngozi ikamwaka moto, nikamwambia basi endelea. Ndiyo maana krimu siwezi kuiona, shemeji. Nilitaka mama amwogeshe majani, nisiione tena."

Latifa alisimama. Cherehani lilikuwa kati yao, na ni bora lilikuwepo.

"Miaka yote hii!" akasema. "Miaka yote hii namlaumu marehemu, nasema alijitakia, nasema alipenda sifa! Nimesema hivyo mbele yako, Nassoro. Umekaa hapahapa, umekula ubwabwa wangu, unanisikiliza!"

"Nilikusikiliza."

"Na hukufungua mdomo!"

"Sikufungua."

Alitaka kumfukuza. Maneno yalishapanda mpaka kooni, mabaya, ambayo mtu akishayasema hayarudi, na mkoba ungeondoka na mtoto siku hiyohiyo na mlango ungefungwa. Mwanaamina alikuwa amesimama kizingitini, ameshika doli la vitambaa, anawaangalia kwa zamu. Latifa akayameza yale maneno. Yalimuuma yakishuka.

"Nawa mikono," akasema.

"Shemeji?"

"Nawa mikono, nimesema. Ni muda wa dawa. Leo unampaka wewe."

Nassoro akanawa. Mtu aliyelinda geti usiku na mchana bila kutishika alirudi na mikono inachuruzika maji, ameinyoosha mbele kama mtoto. Latifa akamwonyesha kwenye kidole chake mwenyewe, kutoka kunjo mpaka ncha, akamwambia hiyo nusu ni ya goti hili na nusu ni ya goti hili, nyembamba, usisugue. Mtoto akajilaza kifudifudi kwenye mkeka, akatulia. Nassoro akapiga magoti nyuma yake, akaanza kupaka polepole, anapumua kwa mdomo, machozi yanamtiririka hayafuti kwa sababu mikono ina dawa.

"Atabaki hapa," akasema bila kuinua uso. "Ukikubali, nitakuwa nakuja. Unifundishe na mafuta."

Latifa aliuchukua ule mkoba mtupu akautundika kwenye msumari.

Mwanaamina akageuza shingo, akamtazama baba yake kwa juu ya bega. "Baba, na mama yangu ulikuwa unampaka hivi, polepole?"

Kidole cha Nassoro kikasimama.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mama yako nilimpa kopo, nikaenda zangu kazini."